504 ya mhasibu wa mkonge imeuzwa, na aliyeinunua anataka kulikata paa

Mwana wa Mombo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Gari nililolitamani tangu utotoni limeuzwa, na aliyeuziwa si mimi. Ni Peugeot 504 GL ya mwaka 1978, saluni, nyeupe ya maziwa, iliyokuwa imelala Korogwe kwenye ua wa mzee mmoja aliyekuwa mhasibu wa shamba la mkonge. Kuuzwa peke yake ningevumilia. Kilichonifanya nifungue uzi ni kwamba aliyelinunua ana biashara ya kukodisha magari ya harusi Dar es Salaam, na dalali ameniambia mpango wake ni kulikata paa liwe wazi, bibi harusi asimame apunge mkono. Namba yake ninayo. Amekubali kunisikiliza, ila amesema nimpe sababu za kifundi, hadithi za utotoni hazitaki. Ndiyo maana nawahitaji mafundi wa humu.

Hadithi yenyewe nitaisimulia kwenu, maana kwenu ina pa kukaa.

Baba yangu alikuwa dereva wa shamba hilohilo. Gari lilipoletwa lilikuwa la meneja, na baba ndiye aliyelishikia usukani. Wanaozijua 504 wanaelewa ninachosema: viti laini, springi ndefu, ukipita kwenye makorongo ya barabara za mkonge unasikia magurudumu yanahangaika huko chini lakini wewe umetulia. Buti lake lililokunjwa kwa nyuma tulikuwa tunalitambua kutoka mbali likiingia na vumbi, tunakimbia kwenda kufungua geti. Usiku mama aliposhikwa na uchungu wa mdogo wangu na hali ikawa mbaya, meneja alimpa baba ufunguo. Wakatoka Korogwe, Segera, Hale, Muheza, mpaka hospitali ya Bombo pale Tanga, masika yanapiga njia nzima. Mama yuko hai na mdogo wangu yuko hai. Kwetu gari lile lilihesabiwa na ndugu.

Shamba lilipouza magari yake kwa wafanyakazi, baba hakuwa na uwezo. Mhasibu alikuwa nao, akalichukua. Baba aliendelea kulihudumia kila alipoitwa, kubadilisha oili, kusafisha plagi, kuangalia breki, na hakuwahi kudai hata senti. Baba alipofariki, mzee mhasibu alikuja msibani na gari lile, akaniambia mbele ya wanawe wawili: "Siku nikichoka nalo, nitakuita wewe, mtoto wa dereva."

Mwaka jana mzee naye ametangulia. Ukoo ukakaa kikao, wakamchagua msimamizi wa mirathi, wakapeleka muhtasari Mahakama ya Mwanzo. Muda wote huo nilisubiri, kwa sababu kabla msimamizi hajathibitishwa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi kwenye mkataba wa kuuza mali ya marehemu. Fedha nilikuwa nayo mkononi, milioni tatu, kiasi ambacho familia yenyewe ilinitajia. Msimamizi alipopata barua yake, dalali akamletea mtu wa Dar mwenye milioni tano. Likauzwa, likapakiwa kwenye lori. Mimi nilipigiwa simu gari limeshapita Segera.

Kisheria msimamizi hajavunja chochote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki, na marehemu ana watoto saba. Neno la mzee halikuwa kwenye wosia. Nalijua hilo, na bado linaniuma.

Mafundi, nipeni ya kumwambia.

Mzee wa Chalinze

Pole sana mkuu. Warithi wa siku hizi hawana adabu na maneno ya wazee wao. Mzee ametamka mbele ya mashahidi, wao wanaangalia milioni mbili za ziada. Fedha yenyewe wakigawana saba hata mbuzi wa arobaini haitoshi.

Nyundo ya Gerezani

Pole mdogo wangu. Mimi ni fundi bodi, nimenyoosha 504 tangu enzi za mashirika ya umma. Mwambie huyo bwana hivi, tena mwambie polepole aelewe.

504 saluni haina chasi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja, kila kimoja kinakishikilia kingine. Ukikata paa la Land Rover 109, chini inabaki chasi ya vyuma viwili imebeba kila kitu. Ukikata la 504, umeondoa kinacholizuia gari lisijikunje katikati.

Siku ya kwanza litapendeza, simkatalii. Likishapita kwenye matuta ya Mbagala mara kadhaa na watu watano ndani, aangalie uwazi wa milango ya nyuma. Utaanza kupanuka upande mmoja na kubana mwingine. Baadaye mlango unagoma kufunga, au unafunga halafu haufunguki mpaka usukume kwa bega. Kioo cha mbele kinaweza kupasuka bila kuguswa na jiwe, kwa sababu fremu yake sasa inacheza. Na huyo bibi harusi atakuwa amesimama juu ya sakafu hiyo.

Atatokea mtu amwambie kwamba Peugeot wenyewe walitengeneza 504 ya wazi. Ni kweli, ilionyeshwa Geneva mwaka 1969 pamoja na kupe yake, yaani coupé, ya milango miwili yenye paa. Lakini ile haikuwa saluni iliyokatwa. Bodi zake zilijengwa Italia na Pininfarina, milango miwili, na urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulifupishwa kutoka sentimita 274 za saluni hadi 255. Lilikuwa gari lingine lenye jina lilelile. Gereji ya uchochoroni haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa mashine ya kuchomelea na mabomba ya mraba. Nimeyaona hayo mabomba. Gari linakuwa zito, kutu inaanzia pale pale palipochomelewa, na siku mwenye gari akitaka kulirudishia paa hakuna paa la kurudisha.

Sasa nina swali kwako. Uliwahi kuangalia dari yake kwa ndani? 504 nyingi zilitoka kiwandani na kipande cha paa cha chuma kinachoteleza kurudi nyuma, juu ya viti vya mbele. Hapa Bongo mafundi wengi walikiziba, ndiyo maana watu wanadhani hazikuwa nacho. Kama gari la mzee lilikuwa nacho, hoja yako imeshakamilika. Anataka mtu asimame apunge mkono? Kiwanda kilishamwekea mlango wake juu.

Kaka wa Starlet

Mkuu, kwa milioni tano si unapata Starlet nzima, spea kila kona, mafuta kidogo? Kwa nini kuhangaikia mkweche wa miaka ya sabini?

Mwana wa Mombo

Kaka, gari la kwenda kazini ninalo, tena ni Toyota. Hili nililitaka kwa sababu baba yangu alilishika kwa mikono yake, na kwa sababu ndilo lililomfikisha mama Bombo. Starlet nyingine naipata wiki ijayo. Gari hili liko moja tu.

Fundi Nyundo, umenigusa pabaya. Dari ya gari lile ilikuwa na alama ya mstatili, nilikuwa nadhani ni mshono wa kitambaa. Kwa nje, juu ya paa, kulikuwa na mstari mzima umepakwa kitu kigumu cheusi, na rangi imepita juu yake. Nitamuuliza mjane wa mzee.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha 404 na 504 za wizara tangu nikiwa kijana, nazisemea kwa haki yake. Watu wanakumbuka Safari Rally kwa Datsun na Toyota, wanasahau kwamba Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za 1966 na 1967 alizishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, na Chris Rothwell pembeni yake. Mwaka 1968 walimaliza saba tu kati ya zaidi ya tisini walioanza, na wa kwanza wao alikuwa kwenye 404. Halafu 504 ikaja, Ove Andersson akashinda nayo 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na kupe ya V6 mwaka 1978, mwaka uleule wa gari lako.

Injini yake ukiifungua utaelewa. Silinda ni laini, yaani mabomba ya chuma yanayochomoka, maji yanayazunguka. Zikiisha unatoa laini na pistoni unaweka seti mpya, bloku haiendi mashineni kuchongwa. Kamshafti inazungushwa na cheni, hakuna mkanda wa kukatika porini. Fundi wa Sumbawanga anaifungua chini ya mti na inarudi barabarani.

Huyo bwana wa harusi asije akaitoa injini hiyo akaweka ya Noah. Hilo nalo mwambie.

Mama Tunu

Nimesoma mwanzo hadi hapa nikiwa kimya, ila maneno ya Mzee wa Chalinze yameniamsha. Sisi ndio hao warithi mnaotusema.

Baba yetu aliacha 504 Dodoma, ile ndefu ya safu tatu za viti. Alipofariki hakuna kati yetu aliyekuwa na uwezo wa kuiweka barabarani. Kadi haikuonekana. Kibao cha namba bado kilikuwa cha zamani cha TZ, hakijabadilishwa kuingia kwenye hizi namba za T na herufi tatu, kwa hiyo kila tulipokwenda kuulizia tuliambiwa tuanze na lile, turudi na hili. Na miaka ile ada ya mwaka ya gari ilikuwa inajilimbikiza hata gari likiwa limelala uani. Ilipofutwa mwaka 2017 na madeni ya nyuma yakasamehewa, gari letu lilikuwa limeshachelewa.

Waliokuja kuliangalia walikuwa wengi. Walipiga picha, wakasifia, wakazunguka mara mbili, kisha wakataja bei ya matairi mawili. Wengine waliomba wapewe taa za mbele tu. Wengine walisema watarudi mwisho wa mwezi. Huku nyoka wameingia kwenye viti, watoto wa jirani wanacheza ndani, mama hana raha. Mwisho wakaja watu wa chuma chakavu na mzani na mtungi wa gesi, wakalikata palepale, wakalipa palepale. Fedha ile ilikwenda kwenye ada ya mdogo wetu wa mwisho.

Safu ya tatu ya viti ilikuwa ya kwangu. Nililia siku ile peke yangu jikoni. Lakini mniambie, yule aliyekuwa akilipenda sana gari la baba alikuwa wapi na fedha yake na uvumilivu wa kufuatilia karatasi?

Mwana wa Mombo, wewe ulikuwa na vyote, ndiyo maana nakuhurumia kwa dhati. Na msimamizi wenu naye ana watu saba wa kuwatolea hesabu. Angeuza kwa milioni tatu akiwa na mnunuzi wa tano, mmoja wao angemshitaki kuwa ametapanya mali ya marehemu.

Mzee wa Chalinze

Mama Tunu, nimekuelewa. Nafuta kauli yangu.

Mwana wa Mombo

Dada yangu Mama Tunu, ahsante kwa kusema. Hakuna mrithi niliyegombana naye. Mjane mwenyewe alinipigia, akasema: "Mwanangu, ningekuwa peke yangu ningekupa wewe, hata kwa hizo tatu. Lakini hawa nao ni watoto wake." Nikamwambia asijisumbue, mimi nitaendelea kuja kumsalimia kama kawaida.

Nimemuuliza kuhusu paa. Amecheka! Amesema lilikuwa linafunguka tangu enzi za meneja, na baba yangu ndiye aliyekuwa akilifungua wakitoka kwenda Mombo jioni kwa ajili ya upepo wa milima ya Usambara. Baadaye likaanza kuvuja, maji yakawa yanamdondokea mzee magotini, akamwita fundi wa Korogwe akaliziba lote. Kwa hiyo kipo. Kimefungwa tu.

Fundi, kinaweza kufunguka tena baada ya miaka yote hiyo?

Kijana wa Nakuru

Habari zenu ndugu wa Bongo. Mimi niko Nakuru na nasoma kwa uchungu, kwa sababu nilipitia hayohayo.

Huku kwetu, zamani ukitaka kwenda Nairobi, Kisumu au Nyeri kwa haraka ulipanda Peugeot. Mlijazana ndani, mizigo juu ya keria, na dereva hakuwa na mchezo. Pikapu za 504 ndizo zilizokimbiza miraa usiku kutoka Meru mpaka Wilson Airport, iwahi ndege ikiwa mbichi. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nigeria pale Kaduna vilevile. Kwa hivyo spea bado zipo kuliko watu wanavyofikiri. Kirinyaga Road wapo wazee wana stoo za nyuma ambazo huoni ukipita mbele. Uliza kwa upole, utapata.

Mimi nilikosa 404 huko Njoro, yenye namba za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Nilikuwa nimeshaongea na mwenyewe, tumekubaliana. Tajiri mmoja akaja na lori, akaongeza bei, akaondoka nayo. Baadaye niliikuta kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, imepakwa rangi upya, viti vya ngozi, watu wanaipiga picha. Mkuu, nilifurahi sana kuiona inang'aa, na nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Vyote viwili siku moja. Kwa hivyo sikuambii utasahau.

Kuna walioniambia nitafute nyingine Tanzania niivushe Namanga. Haiwezekani kuisajili huku, gari la kuingia Kenya lisizidi miaka minane. Za zamani zilizobaki ndizo hizohizo, na kila moja inayokatwa inapunguza hesabu.

Nyundo ya Gerezani

Mwana wa Mombo, kinafunguka. Sikiliza vizuri, na huyo bwana naye asome mwenyewe.

Kwanza muelewe kwa nini kilivuja. Kifuniko kile hakikuundwa kuzuia maji yote. Maji kidogo yanaruhusiwa kupita pembeni, yanaingia kwenye mfereji unaokizunguka, na kwenye kona za mfereji kuna mirija midogo inayoshuka ndani ya nguzo mpaka chini ya gari. Kwetu mirija hiyo inajaa vumbi na majani ya mwembe, maji yanakosa pa kwenda, yanafurika na kumwagika ndani. Fundi wa Korogwe akaona ni ufa, akaziba juu. Mirija ikabaki imeziba, na maji yaliyopata upenyo yakabaki ndani ya mfereji yanakula chuma. Hapo ndipo pa kuogopa. Ajiandae kukuta kutu kwenye kona.

Asitumie patasi wala nyundo. Apashe kile kizibo cheusi kwa hewa ya moto, kilainike, akivute taratibu na kipande cha mbao ngumu au plastiki. Bisibisi itachubua rangi, na rangi ikichubuka pale kutu itaingia tena. Ndani ashushe kitambaa cha dari upande wa mbele tu, atakuta komeo. Apulize mafuta ya kulainisha kwenye reli, aache yalale usiku kucha, kesho yake asukume kwa mikono miwili, pande zote kwa usawa. Kikigoma asikilazimishe, kikipinda kimekwisha.

Mirija azibue kwa waya wa kebo ya breki ya baiskeli. Hewa ya kompresa asitumie, mrija ukichomoka ndani ya nguzo ataupataje?

Kisha amwage maji kidogo kwenye mfereji aone kama yanatoka chini ya gari. Yakitoka, amemaliza. Gharama ya kazi yote hiyo haifiki hata nusu ya gharama ya kukata na kuimarisha.

Mwana wa Mombo

Wakuu, nimerudi na habari.

Nilimpigia simu yule bwana, tukaongea kwa muda mrefu. Ni mtu mwenye adabu. Alikuwa ameshalipa malipo ya awali kwa fundi wa kukata. Nilimsomea maneno ya Nyundo neno kwa neno, akauliza maswali mengi kuhusu milango, kisha akaniambia: "Njoo Dar unionyeshe hicho kifuniko." Nikapanda basi.

Gari liko kwenye ua wake Tabata. Sitaeleza nilivyojisikia nikiliona pale katikati ya magari ya harusi yenye riboni, nitasema tu kwamba vitasa vyake vya milango navijua kwa mkono. Tulipasha kile kizibo cheusi kama tulivyoelekezwa. Mfereji ulikuwa umejaa tope gumu, majani na mabuu. Kona ya nyuma kushoto ina kutu, imetoboka kwa upana wa sarafu, kwingine ni kuzima. Kifuniko kiligoma siku ya kwanza, tukaacha mafuta yalale. Asubuhi tukakishika pande mbili, kikatoa sauti mbaya, kisha kikaenda. Jua likaingia kwenye kiti cha dereva.

Yule bwana alisimama juu ya kiti, akatoa kichwa na mabega nje, akaangalia kushoto na kulia, akasema, "Basi, fundi wangu nitamlipa kwa kazi nyingine."

Paa halikatwi. Nawashukuru wote, na fundi Nyundo zaidi ya wote.

Nilimuuliza kama ataniuzia. Hapana. Ameshapokea nafasi za harusi mpaka Desemba na ameshalipenda. Nilitegemea jibu hilo. Lakini nilikumbuka maneno ya Mama Tunu kuhusu karatasi, nikamwomba tuandike: siku akitaka kuliuza, mimi niambiwe kwanza kwa maandishi, na nipewe muda wa kutoa bei sawa na ya mnunuzi mwingine kabla hajamkabidhi mtu. Tulikwenda kwa wakili wa jirani yake, tukasaini, mkewe akawa shahidi. Nikataka hilo liwafunge na warithi wake pia, wakili akaliandika.

Jambo jingine. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya vifaa vya gari hili, nikiamini ipo siku. Nina taa za mbele mbili za asili zenye vioo vizima, rejeta iliyozibuliwa, bushi za mbele, pampu ya maji, seti ya laini na pistoni ambayo haijafunguliwa kwenye boksi, na kabureta ya Solex. Taa lilizokuwa nazo gari lile moja ilikuwa imepasuka na nyingine imefungwa kwa gundi. Rejeta yake inavuja, na kwenye foleni ya Dar na joto la Januari injini hiyo ingekufa kabla ya msimu wa harusi kuisha. Nilifikiri usiku ule kwa shemeji yangu Kinondoni. Asubuhi nikamwambia yule bwana atume mtu Korogwe achukue taa, rejeta, bushi na pampu. Amezilipia bei niliyonunulia. Laini na pistoni nimebaki nazo, injini bado ina pumzi, zikihitajika anajua zilipo.

Mdogo wangu, yule aliyezaliwa Bombo, anaoa mwakani. Yule bwana ameniambia siku hiyo gari litakuja Korogwe bila malipo ya kukodi, tuweke mafuta tu, na usukani nitashika mimi. Mama nimeshamwambia.

Kilichobaki ni mpira wa kuzunguka kifuniko cha paa. Wa sasa umekauka, unavunjika kama biskuti. Gerezani nimezunguka, sijaupata. Kijana wa Nakuru, ukiwa Kirinyaga Road naomba uniulizie.

Mama Tunu

Umefanya vyema kuandika mpaka warithi. Hongera kwa mdogo wako.

Kijana wa Nakuru

Nimepita leo. Kuna mzee mmoja ana mipira ya 404 na ya 504, iko kwenye gunia moja na lebo zimefutika. Anaweza kunipa niitume kwa basi la Mombasa, wewe uipokee Tanga. Lakini anataka vipimo kwanza: upana wa kifuniko, urefu wake, na unene wa mfereji mpira unapokaa. Unene upime kwa kalipa, si kwa rula.

Mwana wa Mombo

Nimempigia yule bwana wa harusi, kalipa anayo. Jioni atanitumia vipimo vyote vitatu, navibandika hapa.